Pimeni udongo kabla ya kugawa mbolea

Mhariri,

Hapa Trans Nzoia watu hupanga foleni kwa mbolea ya ruzuku, lakini chokaa ya kilimo, inayopunguza asidi ya udongo, ni wachache wanaoiulizia. Mashamba mengi yametiwa DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, miaka nenda miaka rudi, na mbolea hiyo huongeza asidi. Pei-echi (pH, kipimo ambacho hushuka asidi ikizidi) ikishuka chini ya 5.5, alumini huyeyuka na kudumaza mizizi. Fosforasi nayo hunaswa na udongo, mahindi yasiipate. Ng'oa mche uone: mizizi mifupi, minene, majani yamegeuka zambarau. Mkulima hulaumu mbegu, naye mwenye duka humuuzia mfuko mwingine wa DAP!

Kaunti ilete vipimo vya udongo hadi kwenye wadi, mapema. Chokaa huchukua muda kufanya kazi. Mvua za Machi zikianza kunyesha, tumechelewa.

Mkulima,
Kitale