Mtoto kajiadhibu mwenyewe, baba anamfokea

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, kuna jambo linaniuma kuhusu hawa watoto wetu wa mbio za mashua za tanga.

Mwanangu anaendesha Optimist, kile kimashua cha watoto cha mita 2.3. Juzi kwenye mbio kuna kijana alikuwa wa nne, anazunguka boya, tanga lake likaligusa kidogo tu, yaani ungepepesa macho usingeona, na boti ya waamuzi iko mbali huko. Basi yule mtoto akajitenga na wenzake akapiga mzunguko mmoja kamili kama sheria inavyotaka ukigusa boya, watatu wakampita, akamaliza wa saba. Kufika ufukweni baba yake akaanza kumfokea mbele za watu, "Nani alikuona?" Mtoto kashika kamba ya mashua, maji yanamchuruzika, anaangalia chini, hajibu kitu.

Kwa wasioujua huu mchezo, mbio nyingi za mashua hazina refa wa kupuliza filimbi kila kosa kama kwenye soka. Mabaharia wenyewe ndo wanatakiwa wazifuate sheria na wazisimamie. Ukimnyima mwenzako njia yake unapiga mizunguko miwili hapo hapo majini, na kosa likiwa zito unajitoa kabisa. Sasa tukiwafundisha kwamba kosa ni mpaka uonekane, hizi mbio ataziendesha nani jamani?

Halafu kuna hili la kusaidiana, naona watoto wanampita mwenzao kapinduka kama hawamuoni. Kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 Lawrence Lemieux wa Canada alikuwa wa pili kwenye mbio yake, upepo mkali balaa, akawaona mabaharia wawili wa Singapore wako taabani majini, akaacha mbio akaenda kuwaokoa akamaliza wa 22. Waamuzi wakamrudishia nafasi yake ya pili, na akapewa medali ya Pierre de Coubertin, ile ya kuheshimu uungwana michezoni. Watu wanaisimulia kama wema wa ajabu, na ni wema kweli, ila kumsaidia aliye hatarini ndo sheria ya kwanza kabisa kwenye kitabu cha mchezo wenyewe, inakuja kabla ya hizo za nani ampishe nani.

Makocha nao nawaomba, mtoto akitoka majini msianze na "umekuwa wa ngapi", muulizeni kwanza mbio ilikwendaje, atawaambia mengi.

Na yule baba kama anasoma hapa, ndugu yangu, sijaandika kukuaibisha, ila mrudie mwanao umwambie alifanya sawa. Watoto wote walikuwa pale wanakusikia, na wangu ni mmoja wa wale watatu waliompita.

Mzazi wa baharia chipukizi