Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wakusanyaji wa zana za kale za useremala, itifaki imezingatiwa.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Tumekutana mara nne badala ya sita, tumefanya onyesho moja hapa Tanga, tumetembelea karakana mbili, tumepokea randa, patasi, misumeno na keekee 37, tumemzika mwenzetu mmoja. Mengine yamo kwenye taarifa ya katibu, kama ataileta.

Niende kwenye lile linalosemwa vibarazani nikiwa sipo: kwa nini mwezi Julai niliagiza zana 23 zifutwe jina la mtengenezaji kwenye daftari letu. Nimeitwa dikteta. Nimeambiwa nashusha bei za mali za watu ili nizinunue mwenyewe.

Zana tisa ziliandikwa kuwa ni za fundi aitwaye "Cast Steel". Ndugu zangu, huyo si mtu wala kiwanda. Ni aina ya chuma, kile kilichoyeyushwa kwenye vyungu vya udongo kwa mbinu ya Benjamin Huntsman wa Sheffield, Uingereza, tangu miaka ya 1740. Viwanda vya Sheffield viligonga maneno hayo kwenye patasi kama muuza maziwa anavyoandika "maziwa halisi" kwenye ndoo. Jina la mwenye kiwanda hukaa pembeni, dogo, na mara nyingi limeliwa na kutu. Misumeno sita ilikuwa ya "Warranted Superior". Hiyo nayo ni sifa tu, imo kwenye kitufe cha shaba cha mpini, na viwanda vingi vilitumia maneno hayohayo, hasa kwa msumeno wa daraja la pili. Disston, mtengenezaji wa misumeno wa Philadelphia, Marekani, alipotaka ujue ni wake aliandika jina lake hapohapo; ukisoma "Disston & Sons", msumeno si wa kabla ya 1871. Zana nne zenye alama ya mguu wa kuku tuliziandika kampuni ya "Jogoo". Ule ni mshale wa serikali ya Uingereza. Unasema mali ni ya nani, hausemi nani aliitengeneza.

Nne zilizobaki ni randa, na hapo ndipo ugomvi ulipowaka, kwani moja ni ya mzee wetu aliyenitangulia kwenye kiti hiki. Iliandikwa "Stanley, Marekani, 1910". Niliifungua mbele ya kamati, kwa bisibisi yangu mwenyewe. Kwenye bodi ya randa, chini ya kisu, kuna tarehe tatu: MAR-25-02, AUG-19-02 na APR-19-10. Hizo ni tarehe za hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi. Zinatuambia tu kwamba bodi haikutoka kiwanda cha Stanley, New Britain, Connecticut, kabla ya Aprili 1910. Kisu kina alama ya moyo wenye herufi S.W., iliyokuja baada ya Stanley Works kuichukua Stanley Rule & Level mwaka 1920. Kibanio cha kisu kimeandikwa "Record", yaani C. & J. Hampton wa Sheffield, walioanza kutoa randa miaka ya 1930. Na parafujo inayokikaza ni bolti ya dukani iliyolazimishwa. Tundu la Stanley lina kipenyo cha 9/32 ya inchi na hesi, yaani mizunguko ya parafujo, 24 kwa inchi. Bolti hiyo huipati duka lolote hapa mjini, na hesi zenyewe zimeshalika.

Sikusema randa ya mzee ni mbovu. Inapiga vizuri kuliko yangu. Nilisema kila kipande kiandikwe kwao.

Ni kweli, aliyeandika "1910" mwaka 2021 ni mimi, na najua nani anausambaza ukurasa ule. Sikuwa na miwani, wala hakuna aliyejitolea kunishikia taa. Tangu hapo nasugua kwa mafuta ya taa na mswaki, kisha napaka chaki. Vumbi linakaa ndani ya herufi na jina linajitokeza. Njia hiyo niliileta mimi, ingawa kwenye onyesho ilitangazwa kuwa ni ya "kamati".

Wengine wanasema uamuzi ulipita bila akidi. Wanachama tuko 41, akidi ni 14, siku ile walikuja wanane. Akidi ilikuwa wapi? Ada ni shilingi 24,000 kwa mwaka: waliolipa 17, jumla 408,000, wadaiwa 24, jumla 576,000. Kodi ya chumba imekula 360,000, lenzi ya kukuzia 35,000, tumebaki na 13,000. Nimelinganisha orodha ya wadaiwa na orodha ya walionilalamikia. Majina sitayasoma leo.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kupiga picha zana zote, kuzungumza na vyuo vya ufundi, na kupata mfadhili.

Daftari liko mezani. Mwenye kupinga alete zana yake tuifungue. Mhazini amekaa karibu na birika la chai.

Mwenyekiti