Kopo juu ya mtambaa panya

Mwanangu,

Picha ya uwanja imefika. Nimeikuza kwenye simu mpaka maandishi yakasomeka: Ernst-Happel-Stadion. Umeniuliza huyo Happel ni nani. Halafu chini kabisa, kama jambo dogo tu, ukaongeza kwamba wamekuomba uwafundishe watoto mpira kila Jumamosi, nawe unasita kwa sababu Kijerumani chako bado kinachechemea. Nayajibu yote mawili pamoja, maana yanakutana kwa mtu huyohuyo.

Alizaliwa hapo hapo Vienna mwaka 1925, akalelewa na bibi yake. Alikuwa beki kama wewe, beki wa klabu ya Rapid ya hapo Vienna na wa timu ya taifa, mechi 51. Kombe la Dunia la 1954 Austria walimaliza wa tatu, ila kwenye nusu fainali walikuwa wametandikwa 6-1 na Ujerumani Magharibi, na lawama nyingi zikamwangukia yeye. Akaenda kucheza Paris. Aliporudi Rapid, mwaka 1956, wakaja Real Madrid, wale wa Di Stéfano, mabingwa wa Ulaya. Rapid wakashinda 3-1 na mabao yote matatu ni ya Happel. Beki, mwanangu! Alikuwa na mguu wa mipira ya adhabu ambao makipa waliuogopa.

Mguu huo ndio ninaotaka kukuambia habari zake.

Mwaka 1962 alikwenda Uholanzi kuifundisha ADO ya Den Haag. Mgeni, mkali, maneno machache. Husimuliwa kwamba siku moja mazoezini aliweka kopo juu ya mtambaa panya wa goli, akarudi nyuma hadi nje ya boksi, akapiga. Kopo likaanguka. Kisha akawaambia wachezaji wake, haya, nanyi. Hakuna aliyeweza. Baada ya hapo hawakuhitaji hotuba. Mwaka 1968 timu hiyo ikawafunga Ajax na kubeba Kombe la Uholanzi.

Lugha yenyewe hakuinyoosha kamwe. Alichanganya Kijerumani cha Vienna na Kiholanzi katika sentensi moja, na Waholanzi mpaka leo wanayo kauli yake moja ya namna hiyo, nusu huku nusu kule, ambayo kwetu ni sawa na kusema: acheni porojo, chezeni mpira. Kwa lugha hiyo ya kuokoteza aliwapeleka Feyenoord Milan mwaka 1970, wakawafunga Celtic 2-1 katika muda wa nyongeza. Klabu ya Uholanzi haikuwahi kulitwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya kabla ya siku hiyo. Watu humtaja kocha Rinus Michels na Ajax yake, na wanastahili, lakini Happel alitangulia, na mimi sipendi anavyosahaulika.

Mwaka 1978 ndio unaonikaa moyoni. Tarehe 10 Mei, pale Wembley, alikuwa na Club Brugge ya Ubelgiji kwenye fainali ya Ulaya. Dalglish akaifungia Liverpool bao moja, ikaishia hapo. Hata miezi miwili haijapita, tarehe 25 Juni, yuko Buenos Aires kwenye benchi la Uholanzi, fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Argentina wenyewe na uwanja wao. Ubao unasoma 1-1, dakika ya mwisho. Mpira mrefu wa Krol unapita juu ya watu, Rensenbrink ananyoosha mguu, mpira unagonga nguzo na kurudi uwanjani. Muda wa nyongeza Argentina wakaongeza mawili.

Sisi tulipata habari asubuhi, kwenye redio ya babu yako, tumechuchumaa barazani na vikombe vya uji. Mtangazaji alisema 3-1 akaendelea na habari za mazao. Ile nguzo nilikuja kuiona miaka mingi baadaye, na kila nikiitazama mguu wangu unajivuta wenyewe.

Fainali mbili ndani ya siku 46, zote kapoteza. Akaenda zake Ubelgiji tena, kufundisha Standard Liège, kisha Hamburg ya Ujerumani. Huko wakacheza mechi 36 za ligi mfululizo bila kufungwa, wakatwaa ubingwa mara mbili, na mwaka 1983 kule Athens wakawakuta Juventus wa Platini, wenye mabingwa wa dunia tele kikosini. Magath wa Hamburg alifunga mapema, 1-0, basi. Hakuna kocha kabla yake aliyechukua kombe lile na klabu mbili tofauti.

Sigara hakuiacha, nayo haikumwacha. Alifariki Novemba 1992 kwa saratani ya mapafu, akiwa kocha wa Austria. Siku nne baadaye timu yake ilicheza na Ujerumani pale Nuremberg, sare ya 0-0, na kofia yake ikawekwa kwenye benchi, mahali ambapo angekaa. Ndipo uwanja ule wa kwenye picha yako, uliokuwa ukiitwa Prater, ukapewa jina lake.

Unakumbuka kopo la maziwa ya unga nililokuwekea juu ya goli la mirunda, pale uwanja wa shule? Ulikuwa na miaka tisa. Ulipiga tangu alasiri hadi mama yako akaja kutuita kwa tochi. Lilipoanguka hukupiga kelele. Ulikimbia ukaliokota, ukalirudisha juu mwenyewe, kwa kupanda mabegani mwangu.

Basi wajibu hao watu leo leo, uwaambie ndiyo. Na Jumamosi usisahau kopo.

Baba yako