Yule Bonge Ndiye Aliyekuwa Fundi

Kowloon, Hong Kong

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama na kwa wote hapo nyumbani. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu yangu ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Mpe Mama shikamoo yangu, mwambie baridi imepungua na kile kikohozi kimekwisha kabisa, asiwe na wasiwasi.

Ujumbe wako niliusikiliza mara tatu. Swali lako lilikuwa moja: hawa wa kwenye picha za Kichina wanapigana kweli au wanazuga? Halafu mwishoni, kwa sauti ya chini, ukasema mwenzenu mmoja mnayerekodi naye mapigano kwa simu ameng'oka jino. Hilo la jino ndilo lililonifanya nikae chini nikuandikie barua nzima badala ya kukujibu kwa maneno mawili.

Unakumbuka kibanda cha video? Tukitoka pale, vumbi lilitimka mpaka magharibi. Wa kwanza kupiga ukelele ndiye Bruce Lee, wa pili Jackie Chan, waliobaki wote maadui. Hakuna aliyetaka kuwa yule bonge mwenye nywele zilizokatwa duara kama aliyefunikwa bakuli. Kwetu yeye alikuwa rafiki wa stelingi tu, wa kuchekesha na kupigwa kidogo. Yule bonge anaitwa Sammo Hung. Na mengi ya mapigano tuliyokuwa tukiyaigiza pale vumbini ni yeye aliyeyapanga, hatua kwa hatua, ngumi kwa ngumi. Tulikuwa tunamtazama fundi mwenyewe tukidhani ni kibarua.

Kutoka Chungking Mansions, jengo ambalo Waafrika wengi huku tunanunulia simu na vipuri, ukitembea dakika chache kwenye Nathan Road unakutana na jengo jingine la zamani, Mirador Mansion. Nimelipita mara nyingi nikiwa na mzigo begani, nikaliona jengo kama mengine: nyaya, nguo zilizoanikwa, lifti inayochelewa. Kumbe humo ndimo ilikuwemo shule ya mwalimu Yu Jim-yuen ya opera ya Kipekingi, yale maigizo ya jukwaani ya kuimba na kupiga sarakasi. Sammo aliingizwa mwaka 1961 akiwa na miaka 9. Bibi yake, Chin Tsi-ang, alikuwa mwigizaji wa picha za mapigano tangu zamani, na babu yake alikuwa mwongozaji wa filamu, kwa hiyo damu ilikuwepo. Lakini pale damu haikumwokoa mtu. Watoto waliamka alfajiri, wakasimama kwa mikono miguu ikiwa juu, mpaka mwalimu aridhike. Aliyekosea alichapwa. Walifundishwa kuimba, kupiga sarakasi, kushika mkuki na upanga, kujipaka rangi usoni. Halafu baadhi yao wakapandishwa jukwaani kwenye viwanja vya burudani vya Lai Chi Kok, mbele ya watu waliokuja kula na kubembea.

Jackie Chan alikuwa humo. Yuen Biao, mwigizaji mwingine wa mapigano, pia. Wanafunzi walipewa jina la Yuen kutokana na jina la mwalimu, na Sammo akaitwa Yuen Lung. Yeye ndiye alikuwa kaka mkubwa wa shule, mkali kwa wadogo zake, na mpaka leo watu wa filamu wa hapa wanamwita Dai Goh Dai, yaani kaka wa makaka. Jina hilohilo ndilo watu wa huku walizipa zile simu za kwanza za mkononi, nene kama tofali.

Sisemi kwamba kuchapa watoto ni jambo jema, na usije ukawafanyia hivyo vijana wako. Iko filamu ya mwaka 1988 inayosimulia maisha ya shule ile, na ndani yake Sammo mwenyewe anaigiza nafasi ya mwalimu wake. Mtoto aliyechapwa, amekua, amevaa mavazi ya aliyemchapa! Alipata tuzo ya mwigizaji bora ya Hong Kong kwa kazi hiyo. Niliitazama usiku peke yangu na sikuweza kulala mapema. Hakumfanya mwalimu awe shetani, wala hakumfanya awe malaika. Ni mzee anayeona opera inakufa mbele yake na hana kingine cha kuwapa wale watoto.

Maana opera ilikuwa inakufa kweli, watu wamehamia sinema. Wanafunzi waliomaliza walikuta kazi moja tu inayotaka miili yao: kuanguka kwenye filamu. Sammo alikuwa na miaka kama 16 alipoumia, akalazwa kitandani muda mrefu, na alipoinuka alikuwa amenenepa. Hebu fikiria. Mwili aliofinyangiwa kwa fimbo miaka yote ile, ukabadilika kwa miezi. Mwingine angetafuta kazi ya dukani. Yeye akaendelea kupiga sarakasi na mwili huohuo mpya, na ukimtazama leo utaona anarusha teke kwa wepesi ambao wembamba wengi hawanao.

Mwaka 1970 ilianzishwa kampuni ya Golden Harvest, na muda si mrefu Sammo, kijana ambaye hata miaka 20 hajafika, akawa anapanga mapigano ya filamu za kampuni hiyo. Alikwenda Korea kujifunza hapkido, mchezo wa mapigano wa huko, kwa sababu kulikuwa na filamu ya mchezo huo, iliyotoka mwaka 1972, na hakutaka kupanga kitu asichokijua mikononi mwake. Mwaka uliofuata ndiye aliyepambana na Bruce Lee mwanzo kabisa wa ile filamu yake ya mwisho kukamilika. Yule tuliyekuwa tukipiga kelele "bonge kaisha!" ndiye huyo.

Sasa nije kwenye swali lako, na hapa usome polepole.

Kwenye ghala ninalofanyia kazi kuna mzee anayekaa mlangoni kusaini mizigo. Amepita miaka 60. Siku moja alinikuta natazama pambano kwenye simu wakati wa mapumziko, akainama kuangalia, akaweka kidole kwenye kioo. Hakuonyesha stelingi. Alionyesha adui wa nyuma, yule anayepigwa na kutupwa juu ya meza. Ujanani na yeye alikuwa mtu wa kuanguka. Kwa Kikantoni kazi hiyo ina jina la heshima, linalotaja joka na simbamarara.

Akanisimamisha. Akanyoosha ngumi taratibu ikapita mbele ya shavu langu, nafasi ya vidole vitatu hivi. Akanionyesha kamera ingekaa wapi: nyuma ya bega langu, ili ile nafasi ya vidole vitatu isionekane. Kisha akaniambia nirushe mimi. Nikarusha, kwa woga. Kichwa chake kikageuka kwanza, bega likafuata, kiuno kikafuata bega, miguu ikaachia ardhi, na kabla mgongo haujafika chini kiganja chake kikabamiza sakafu, paa! Niliruka kumwinua nikidhani nimemuua. Alikuwa anacheka, anapangusa suruali.

Umeelewa, mdogo wangu? Ngumi ile ilikuwa yangu, lakini pambano lilikuwa lake. Anayepigwa ndiye anayemwambia mtazamaji kwamba ngumi ni nzito. Kile kiganja kinachobamiza chini kinapunguza kishindo cha mwili, na sauti nyingine zote zinatiwa baadaye studio. Miaka ile filamu za huku zilirekodiwa bila sauti, hata maneno yalitiwa mwishoni.

Lakini si kuzuga tupu. Mateke mengi ya tumboni na kifuani yanagusa kweli, kwa kipimo walichokubaliana, na wakati mwingine nguo hupakwa unga ili pigo litoe vumbi na macho yaone limetua. Hawachezi pambano lote kwa mkupuo. Mpangaji anatoa hatua tatu, nne, tano, wanazirudia mpaka zikae, wanarekodi, anahamisha kamera, anatoa nyingine. Kamera hurekodi picha 24 kwa sekunde. Wakirekodi 22 badala ya 24, ikionyeshwa mwendo unaongezeka kidogo tu, mtazamaji asijue kwa nini mtu yule ana kasi. Na Sammo hupenda kamera ikae mbali kiasi, uone miili yote miwili kuanzia kichwa hadi mguu, kwa sababu wachezaji wake wanajua wanachofanya na hana cha kuficha.

Tafuta lile pambano la mwaka 1984, Jackie Chan na Benny Urquidez, bingwa wa kickboxing kutoka Marekani, kwenye ngome huko Uhispania. Sammo ndiye mwongozaji. Urquidez anazunguka na teke, linakosa, na upepo wake unazima mishumaa iliyopangwa mezani. Hakuna aliyeguswa! Lakini kuanzia hapo kila teke lake linatisha, kwa sababu umeshaona linachoweza kufanya. Huo ndio ufundi ninaotaka mwuige. Kabla adui hajampiga mtu, mwonyesheni mtazamaji nguvu yake kwa kitu kingine: ndoo, mlango, jani la mgomba.

Dada naye asikilize hapa, maana najua anakaa nyuma akishika simu tu. Michelle Yeoh, aliyechukua Oscar mwaka 2023, filamu yake ya kwanza ilikuwa chini ya Sammo, mwaka 1984. Kwenye hiyo hakupigana. Mwaka uliofuata, kwenye filamu ambayo Sammo alikuwa mmoja wa waliofanikisha kutengenezwa kwake, akapigana, na hakuwa ametokea kwenye ngumi, alikuwa mcheza baleti. Mwachieni dada aingie mbele ya kamera.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu Sammo na kisha nitakuacha. Mwaka 2009 alifanyiwa upasuaji wa moyo. Wakati huo alikuwa kwenye filamu ya pili ya Ip Man, mwalimu wa mtindo wa mapigano uitwao wing chun, iliyotoka mwaka 2010, akiipangia mapigano na kuigiza humohumo. Umri unakaribia 60. Na pambano alilojipangia mwenyewe na Donnie Yen, stelingi wa filamu hiyo, ni la juu ya meza ya duara, viti vimepinduliwa pembeni miguu juu, anayeanguka ameshindwa. Itazame miguu yao, usitazame mikono. Meza inainama, inazunguka, wanagawana nafasi ndogo ile bila kukanyagana. Donnie anacheza wing chun, mikono mifupi ya karibu. Sammo anacheza mtindo wa hung, mzito, wa kusimika miguu. Hata anayeona mara ya kwanza anatofautisha. Sammo ameshughulika na wing chun kwenye filamu tangu miaka ya 1970, na mwaka 1981 alitengeneza filamu ambayo wengi huku wanaiona ndiyo bora kwa mchezo huo. Kwa hiyo meza ile haikutoka hewani, ilikuwa na miaka zaidi ya 30 nyuma yake.

Mwaka 2024 nilikwenda sinema kutazama filamu inayohusu Kowloon Walled City, ule mtaa wa ghorofa zilizobanana uliobomolewa miaka ya 1990. Alipotokea Sammo, mkubwa wa wahuni, mama mmoja mtu mzima aliyekaa mbele yangu alinyoosha mgongo. Halafu yule mzee akapigana, mimi nikajikuta nimeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, kama tulivyokuwa tukishika benchi la mbao kule kibandani.

Basi hebu fanyeni hivi. Msirekodi tena kabla ya kupanga. Mmoja wenu awe fundi, na siku hiyo neno lake ndilo liwe neno, hata kama stelingi ni wewe. Anayeanguka aanzie kwenye mchanga au godoro, akianguka taratibu, mpaka mwili uzoee. Na mkichoka, acheni. Mtu aliyechoka hajui tena ngumi yake inaishia wapi, na nina hakika jino la mwenzenu liling'oka jioni, mkiwa mnarudia kwa mara ya kumi.

Mpe pole yangu nyingi. Kuna mgeni anasafiri mwisho wa mwezi, nimempa bahasha ya Mama na vikinga meno vinne, kimoja kiwe chake. Akishapona, mrekodi yeye, si wewe, akianguka jinsi nilivyoeleza, kiganja kikitangulia. Nitumie nimwonyeshe mzee wa mlangoni. Ameshaniuliza mara mbili kama nina ndugu wanaojifunza.

Ni mimi kaka yako nikupendaye.