Salamu za shukrani kutoka kwa familia ya Kocha, asanteni kwa kutushika mkono

Ndugu, jamaa na marafiki, shikamooni wakubwa zangu na wadogo habari zenu, mlioko Halifax na Dartmouth hapa Canada, Toronto, Tanga, Muheza, Dar, Nairobi, na wale wa group la WhatsApp ambao hata sura zenu sijawahi kuziona. Naandika kwa niaba ya familia yote, mimi mke wa marehemu, wanetu wawili, mama mkwe, mawifi zangu na wazazi wangu kule Muheza. Wageni wamesharudi makwao, nyumba imekuwa kimya, sasa ndo nimepata nguvu ya kushika simu niandike.

Naomba nianze na magongo, yale ya kuchezea hoki ya barafu, mchezo aliocheza na kuufundisha mume wangu. Asubuhi moja baada ya mume wangu kufariki nilifungua mlango nikakuta gongo la hoki limeegemezwa kwenye ukuta wa baraza, nikajua mtoto kasahau, nikatazama nyumba ya jirani nikaona na kwake lipo, na ya pili yake, mtaa mzima, magongo yamesimama nje kwenye theluji. Mama yangu aliyekuwa amekuja kutoka nyumbani akaniuliza mwanangu hii ndo mila yao ya msiba? Nikamwambia mama hii walianza Wakanada mwaka 2018, basi la vijana wa timu ya Humboldt Broncos kule Saskatchewan lilipogongana na lori wakafa watu 16, nchi nzima ikaweka magongo nje ya milango. Basi na sisi tumewekewa. Majirani zangu, mlikuja na kwenye mazishi lakini yale magongo ndo yaliyonifanya nilie kwa mara ya kwanza, maana mpaka hapo nilikuwa nimekauka tu.

Wengi mlionipigia kutoka nyumbani mliuliza, shemeji alikuwa anacheza nini hasa. Hoki ya barafu, na kwa vile kuna tangazo la msiba lilizunguka likisema alicheza NHL, ligi kuu, naomba nisahihishe kwa upendo, hakucheza NHL hata dakika moja, na yeye mwenyewe alikuwa anasahihisha kila mtu anayemsifia hivyo. Alicheza ligi za chini. Juu kabisa kuna NHL, chini yake AHL, chini ya hapo ndo ECHL ambayo ilianza 1988 na timu 5 tu, miaka ya 90 ikasambaa mpaka Louisiana, Mississippi na Florida, sehemu za Marekani ambazo theluji hawaijui. Huko ndo alikuwa, misimu 7, beki, mtoto wa Nova Scotia, jimbo letu hili, anacheza kwenye barafu ndani wakati nje kuna joto kama la Tanga. Mshahara wa wiki na wenyewe mdogo, nyumba wanapewa na timu, wanakaa wawili watatu, usiku mzima kwenye basi, wanashuka wanacheza wanapanda tena, kiangazi anarudi hapa anapaka rangi nyumba za watu. Na kila mchezaji wa chini anasubiri simu ya kuitwa juu. Yeye alipigiwa mara 2, akacheza mechi 11 za AHL akarudishwa, kisha goti likaisha. Mpaka anafariki simu yake ilikuwa inalala karibu na mto, alisema ni mazoea ya ujanani.

Nilimfahamu 2003, nafanya kazi nyumba ya wazee, bibi yake alikuwa mgonjwa wangu na yeye kila Jumapili anakuja kumnyoa... samahani, kumsuka, alikuwa anamsuka bibi yake nywele kwa yale mavidole yaliyovunjika vunjika. Bibi ndo aliyenisimulia kwamba watu weusi wa Nova Scotia walikuwa na ligi yao wenyewe ya hoki tangu 1895, imeanzishwa na watu wa makanisa ya Kibaptisti, timu za Halifax, Dartmouth, Truro, Africville, na baba yake bibi alikuwa hakosi kwenda kuangalia. Mwaka 2020 posta ya Canada ilipotoa stempu ya ile ligi mume wangu alinunua nyingi, na nyie wa Muheza ndo maana mwaka ule mlipata barua za karatasi wakati simu zipo.

Ukocha ndo ulikuwa kazi yake ya kweli. Miaka 19 na watoto. Saa 12 asubuhi yupo uwanjani kwasababu alfajiri barafu inakodishwa kwa bei nafuu, na somo la kwanza kwa mtoto yeyote ni kuanguka na kuinuka, gongo hapewi mpaka ajue kuanguka. Hoki ni mchezo wa wenye nacho jamani, viatu vyenye vyuma vya kutelezea, kofia, kinga za magoti, mabega, gharama yake mzazi aliyetoka kambi ya wakimbizi hawezi, kwaiyo gereji yetu ilijaa vifaa vya kuokoteza, ananoa vile vyuma vya viatu mwenyewe usiku, na watoto wa Kikongo, wa Kisomali, wa Kisyria wakaingia uwanjani kupitia gereji ile. Aliwawekea picha ya Willie O'Ree wa Fredericton, mtu mweusi wa kwanza kucheza NHL, tarehe 18 Januari 1958, jicho la kulia halioni. Na aliwaambia bila kuficha kwamba O'Ree alicheza NHL mechi 45 tu, miaka yake mingi ilikuwa ligi za chini kama yeye.

Tulipokwenda nyumbani mara ya mwisho tulipitia Nairobi, akaniambia hapiti bila kuona ule uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Mombasa Road, nikadhani tunakwenda dakika kumi, tukatoka usiku, na begi zima la viatu vya barafu likabaki na vijana waliokuwa mazoezini. 2018 vijana wa Ice Lions, timu ya hoki ya barafu ya Kenya, walipoletwa Canada wakacheza na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wa NHL, wote wawili watoto wa Cole Harbour hapa jirani yetu, alirudia ile video mpaka wanetu wakachoka. Na 2024 Kenya ilipopokelewa kwenye shirikisho la hoki ya barafu duniani yupo kitandani na dripu, akamwambia kila nesi aliyeingia.

Sasa shukrani zenyewe. Wauguzi wenzangu mlionishikia zamu miezi 5 bila kuuliza lini nitalipa, Mungu awalipe. Wamama wa Kiswahili wa hapa Halifax, pilau, mandazi, chai ya tangawizi, siku 8 jiko langu sijaligusa. Mliochanga rambirambi, aliyetoa dola 200 na aliyetuma elfu tano kutoka Muheza akaomba radhi kuwa ni ndogo, dada yangu usiombe radhi tena, nauli ya mama imetokana na hizo. Kaka zangu na wapwa mliosimamia ibada kule Magila siku ileile tunayozika huku, asanteni sana. Mchungaji, wanakwaya, dereva aliyewatoa wageni uwanja wa ndege usiku wa dhoruba, asanteni.

Na watoto wa Kocha. Mlisimama mistari 2 mlangoni mwa kanisa na jezi zenu juu ya makoti, jeneza lilipopita mkagonga magongo chini, ile ndo makofi ya watu wa hoki, na mkaendelea kugonga mpaka gari limeondoka. Mama yangu anasema hajawahi kusikia mlio ule na hatausahau. Wazazi wao mliowaamsha na kuwaleta kwenye baridi ile, nawashukuru sana.

Kama kuna mtu sijamtaja naomba anisamehe, kichwa hakijatulia.

Tangazo la mwisho, gereji imejaa. Jumamosi hii kuanzia saa 4 asubuhi mlango utakuwa wazi, leteni watoto wajaribu viatu, kijana wangu mkubwa ameshajifunza kunoa. Viatu vyake mwenyewe Kocha ni saizi 10, navyo vinatoka, mtoto wa nani mguu wake umeshafika hapo aniambie.