Barua kwa binamu yangu kocha: mpange namba sita

Binamu,

Maneno yako ya barazani, barabara ya kumi na mbili, yamenifikia: ati natetea utovu wa nidhamu wa namba sita, aliyekataa kuendelea kuvaa kitambaa cheusi cha msiba. Simu zangu hupokei, basi soma hapa, Tanga nzima ikiona.

Kumkumbuka marehemu golikipa wetu kwa kitambaa cheusi lilikuwa wazo zuri. Nilimwona mkeo akikata bitana ya baibui kuukuu kwa mkasi butu, akiwafunga vijana mkononi kwa pini za mtandio. Mmoja alichomwa, wakacheka, halafu wakanyamaza wote kwa pamoja. Ile dakika ya ukimya hata muuza mihogo alishusha kisu. Kwa hiyo usinisingizie kwamba nataka misiba isiingie uwanjani. Wachezaji nao hufiwa.

Ugomvi wangu ni ulichofanya baadaye. Namba sita alikwambia kwa adabu, "Kocha, matanga yameshaanuliwa, nyumbani hawataki alama za msiba baada ya siku tatu." Hakukitupa. Alikikunja mara nne akakitia kwenye begi. Wewe ukamweka benchi mpaka filimbi ya mwisho, ukasema hana utu. Binamu, huyo ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea marehemu! Wewe ulikuwa chini ya mwembe, unajibu simu ya ratiba ya ligi. (Nivumilie, mabinamu tuna ruhusa ya utani.)

Ukaniletea mfano wa Uingereza, kwamba kila Novemba wachezaji huvaa ua jekundu la popi kuwakumbuka askari waliokufa vitani na hakuna anayebisha. Wapo wanaobisha. Mchezaji James McClean, mzaliwa wa Derry, Ireland Kaskazini, alianza kulikataa 2012. Tarehe 30 Januari 1972 wanajeshi wa Uingereza waliwapiga risasi waandamanaji mjini kwao, na baadhi ya waliouawa walitoka Creggan, mtaa aliokulia. Mwaka 2014 alimwandikia mwenye timu yake kwamba lingekuwa ua la wafu wa vita kuu mbili tu, angelivaa. Nemanja Matić, Mserbia, naye alicheza bila ua 2018 akiwa Manchester United, maana kijiji chao kilipigwa bomu na NATO, muungano wa kijeshi ambao Uingereza imo, mwaka 1999 yeye akiwa mtoto. Walizomewa, lakini timu zao ziliendelea kuwapanga. FIFA yenyewe ilizitoza England na Scotland faini mwaka 2016 kwa ua hilohilo, ikiliita la kisiasa, kisha mwaka uliofuata kanuni ikalegezwa.

Tena ile vita kuu ya kwanza ilifika hapa kwetu Tanga. Novemba 1914 Mwingereza alishusha askari wa Kihindi Raskazone, wakapambana na askari weusi wa Mjerumani, na nyuki wakawavamia watu katikati ya risasi. Ukimvisha mtoto wa Ngamiani lile ua, anamlilia nani? Babu wa babu yake huenda alikuwa upande wa pili, au alibebeshwa mizigo tu na hakuna aliyeandika jina lake. Kwa nini kijana asiulize kwanza kabla hajavaa?

Jumapili tunacheza ugenini na kiungo wako mwingine ana kadi. Mpange namba sita. Kitambaa bado anacho. Nilikiona juzi alipofungua begi kutoa nauli ya bodaboda, kimekunjwa vilevile mara nne.