Maumivu ya Hedhi: Kwa Nini Tunakuomba Umeze Dawa Mapema

Wateja wengi wanaoingia katika duka letu la dawa hapa Nairobi kutafuta nafuu ya maumivu ya hedhi hufika wakiwa wamekwisha kuzidiwa. Wamepanda matatu wakiwa wamejikunja, wamejikaza kazini tangu asubuhi, na sasa wanaomba tembe kali kuliko zote tulizo nazo. Tunawahudumia, lakini mara nyingi kasoro haikuwa katika dawa waliyotumia mwezi uliopita, bali katika saa waliyoimeza.

Hedhi inapokaribia, ukuta wa ndani wa mji wa mimba hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huufanya msuli wake ujikaze ili utando unaobomoka utoke. Kemikali hizo zikiwa nyingi, msuli hujikaza hadi ukabana mishipa ya damu inayoulisha, na hapo maumivu huanza chini ya kitovu, yakashuka kiunoni na mapajani. Ndizo pia huleta kichefuchefu na kuharisha, mambo ambayo wasichana wengi huona haya kututajia. Ibuprofeni na asidi ya mefenamiki huuzuia mwili usizitengeneze, lakini haziziondoi zile zilizokwisha kutengenezwa. Kwa hiyo tembe iliyomezwa mara dalili za kwanza zinapoanza hufaa zaidi kuliko tembe hiyo hiyo ikimezwa jioni, baada ya kutwa nzima ya kuvumilia.

Mtu mzima mwenye afya njema anaweza kumeza ibuprofeni ya miligramu 200 hadi 400, akiwa amekula, kila baada ya saa sita hadi nane, kwa siku mbili au tatu za mwanzo, bila kuzidisha miligramu 1200 kwa siku pasipo ushauri wa daktari. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au anayedhani huenda ni mjamzito, atuambie kabla ya kulipa. Tukikuuliza maswali haya kwa sauti ya chini, hatukupelelezi. Tunataka kukupa dawa isiyokudhuru. Paracetamoli ina nguvu ndogo zaidi kwa maumivu haya, ingawa ndiyo huwafaa baadhi ya wasioweza kutumia hizo nyingine.

Chupa ya mpira yenye maji ya moto, yasiyochemka, iliyofungwa kwa leso na kuwekwa tumboni, ni tiba tunayoiheshimu: utafiti umeonyesha kwamba joto la takriban nyuzi 40 likidumishwa tumboni hutuliza maumivu vizuri. Kutembea na mazoezi mepesi husaidia pia.

Kwa wazazi tuna ombi. Tangu mwaka 2017 sheria ya Kenya inaitaka serikali iwape wanafunzi wa kike sodo bila malipo, na hilo ni jambo jema. Lakini sodo haitulizi tumbo, na msichana aliyelalia dawati kwa maumivu hukosa somo vilevile. Tafadhali usimwambie avumilie eti akizaa yataisha. Unapomnunulia mahitaji ya shule ya bweni, pitia kwetu tukuandikie kipimo kinacholingana na umri na uzito wake, ukikabidhi kwa matroni. Aspirini usimpe akiwa hajafikisha miaka 16.

Yako maumivu ambayo hatupaswi kuendelea kuyauzia dawa. Yakizidi mwezi baada ya mwezi, yakianza ukubwani ilhali hukuwa nayo, yakikuandama hata nje ya siku zako au wakati wa tendo la ndoa, au ukilazimika kubadilisha sodo kila saa, huenda chanzo ni fibroidi (uvimbe usio saratani kwenye mji wa mimba), maambukizi au endometriosisi, yaani tishu zinazofanana na utando wa mji wa mimba kuota nje yake. Endometriosisi huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Andika tarehe, siku zilizouma na dawa ulizomeza, kisha umpelekee daktari wa wanawake. Na ikiwa umekosa hedhi, halafu maumivu makali yakakushika ghafla upande mmoja wa tumbo, nenda hospitali saa hiyo hiyo bila kupitia dukani kwetu.